Laini Yenye Kigugumizi

Faili lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika lilikokuwa likienda, pale mama mkwe alipoinua mkonga wa simu sebuleni.

Mfasiri alijua kabla hata skrini haijamwambia. Modemu, kiboksi cha rangi ya majivu chenye mstari wa taa ndogo nyekundu, ilikwaruza kama mtu anayesafisha koo. Taa mbili zikazimika, kisha maneno yakajitokeza kwenye skrini kwamba mawasiliano yamekatika. Sura nzima ya mwongozo wa mashine ya kuangulia vifaranga, pamoja na michoro yake mizito, ikapotelea njiani.

“Mama!” aliita. “Umeinua simu tena?”

“Nimeinua na nimerudisha,” mama mkwe alijibu kutoka sebuleni. “Nilitaka kusikia kama ni nzima.”

“Ni nzima, Mama. Si ndiyo ninayoitumia?”

“Ukiitumia wewe haisikiki kama nzima. Inasikika kama debe linaburutwa kwenye kokoto.”

Hiyo ilikuwa enzi ambayo intaneti ilipita kwenye waya uleule wa simu ya nyumbani, na ukisema wifi kila mtu alielewa unamzungumzia dada wa mume wako. Wifi ndiye hasa aliyekuwa kiini cha haya yote, ingawa nyumbani mle watu walikuwa hawamtaji. Alikuwa kitindamimba wa mama mkwe, mwalimu mwenye cheti na ajira ya kudumu, akaacha vyote akaenda nchi ya mbali kupika hotelini. Siku aliyopiga simu kueleza kwamba harudi tena darasani, mama yake alimwambia, “Umeacha chaki umeshika mwiko, basi ongea na huo mwiko,” akabwaga mkonga. Tangu hapo, kimya. Mama mkwe hakuwahi kusema kwamba anasubiri simu. Alichofanya ni kupita karibu nayo kila baada ya muda mfupi, kuipangusa vumbi ambalo halikuwepo, na kuinua mkonga kusikiliza kama laini haijafa.

Mfasiri aliweza kuyavumilia hayo yote kasoro hilo la mwisho. Kazi yake ilikuwa kutafsiri miongozo ya mashine: pampu, majiko, majokofu, na sasa hii ya kuangulia mayai. Akimaliza sura, huituma kwa mteja kwa barua pepe. Mashine za watu alizieleza vizuri mpaka wateja wakamsifu, lakini ya kwake ilimshinda. Mume wake ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux, akisema ni wa bure, hauguswi na virusi, na ukiuelewa utaupenda. Yeye aliuelewa, akaupenda, kisha akaenda kujenga daraja mahali ambako hata simu haifiki, akamwachia mkewe mapenzi hayo ayaendeleze peke yake.

Akaandika tena amri ya kuunganisha. Kwa kawaida modemu ingevuta pumzi, ipige namba, kisha ianze ule mlio wake wa paka wawili wanaogombana ndani ya bomba. Safari hii ilinyamaza. Skrini ikaandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna mlio wa laini.

Akarudia. Hakuna mlio wa laini.

Akachomoa waya wa modemu, akaupuliza, akauchomeka. Akaizima modemu na kuiwasha. Akaizima na kompyuta yenyewe, akasimama mlangoni akitikisa mguu huku mashine ikijisomea mistari yake mirefu ya kuamka. Hakuna mlio wa laini.

“Mama, hebu inua mkonga sasa,” alisema, na kwa mara ya kwanza mama mkwe aliombwa kufanya kile alichokuwa akikatazwa. “Kuna mlio?”

Mama mkwe akatega sikio. “Upo. Lakini umeharibika. Umekuwa na kigugumizi.”

“Kigugumizi vipi?”

“Unakatika-katika kwanza, ndiyo unanyooka. Asubuhi haukuwa hivi. Hilo debe lako ndilo limeiambukiza simu.”

Mfasiri akauchukua mkonga na kusikiliza. Ni kweli, mlio ulianza kwa vipande vipande, kisha ukanyooka. Lakini mlio ni mlio. Akaurudisha mkonga mahali pake akisema pengine mvua imeingia kwenye nyaya za barabarani. Mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu.

Kabla hajatoka sebuleni simu ikalia. Mama mkwe akaruka kutoka kwenye kiti, akaiwahi, akasema “Haloo?” kwa sauti laini ambayo mfasiri hakuijua. Kisha uso ukamshuka. “Ni mtu wako,” akasema.

Alikuwa ni mteja. Mtambo wa kuchapa ulikuwa umeshapangiwa kazi yake, na kama sura haitafika kufikia kesho mchana, kitabu kitarushwa mpaka mwezi ujao, naye angelazimika kumtafuta mfasiri mwingine wa kudumu. Aliyasema bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Simu ya kuongea ilikuwa nzima, basi. Kilichogoma ni modemu peke yake.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki ya miguu. Alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Alifika mlangoni akarudi.

“Simu ikilia, pokea,” alisema. “Usiiache ilie hivihivi.”

“Nitapokea, Mama.”

“Hata kama uko kwenye hilo debe lako. Acha, upokee.”

“Nimesikia, Mama.”

Mlango ulipofungwa tu, mfasiri alipiga magoti nyuma ya kochi, mahali waya wa simu na waya wa modemu zilipoingia kwenye tundu moja la ukutani. Usiku alikuwa amejigeuza kitandani akiwaza kwamba huenda simu yenyewe ndiyo inayoivuruga laini, kwamba vyombo viwili vinanyang’anyana sauti. Dawa ilikuwa kuipa modemu laini nzima, kwa muda mfupi tu. Akachomoa waya wa simu. Akarudi mbio kwenye kompyuta.

Hakuna mlio wa laini.

Alihamisha modemu nyuma ya kompyuta, kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. Sasa kompyuta ikadai kwamba modemu haipo kabisa. Akairudisha kwenye lile la kwanza. Akafungua faili la mipangilio, akabadilisha tarakimu moja, na alipotaka kuhifadhi mashine ikamwambia hana ruhusa, yaani yeye, ndani ya nyumba yake, mbele ya kompyuta iliyonunuliwa kwa jasho lake. Ikabidi aingie kwa nywila ya mkuu wa mfumo, ambayo mume wake alimfundisha kwa wimbo ili asiisahau. Akawa anaimba na kuandika, anaimba na kukosea.

Katikati ya mahangaiko hayo taa moja ya modemu, ambayo siku zote ilikuwa imezimika, ilianza kuwaka na kuzimika. Ikawaka, ikatulia, ikawaka, ikatulia. Akaitazama akiwa ameshika kiuno. “Na wewe sasa una nini?” aliiuliza. Taa iliendelea hivyo kwa muda, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha ikaacha. Mfasiri akaihesabu kuwa dalili nyingine ya ugonjwa uleule.

Aliposikia lango la nje likilia, alikimbilia nyuma ya kochi akachomeka waya wa simu. Mama mkwe aliingia hata kanga hajaitoa begani.

“Simu imelia?”

“Haijalia, Mama,” akajibu. Na hakuwa amesema uongo.

Hakuweza kukaa tena humo ndani. Akachukua mkoba akaenda kwa Waya.

Waya alikuwa fundi wa kompyuta, mwembamba kama jina alilopewa na mtaa, mwenye kibanda kati ya kinyozi na muuza vioo. Yeye na mume wa mfasiri ndio walioiweka Linux kwenye ile mashine, siku nzima ya Jumapili, wakicheka kama watoto. Mfasiri alitembea haraka kiasi kwamba alipofika ilibidi kwanza ashike meza apumue. Alieleza yote kwa mkupuo: faili, mkonga, tundu, taa, mteja, mtambo wa kuchapa.

“Shemeji, taratibu,” Waya alisema, akiweka chini bisibisi. “Ukiinua simu, mlio wa laini ukoje?”

“Una kigugumizi. Unakatika-katika, halafu unanyooka.”

“Ahaa!” Waya akapiga paja. “Sasa sikiliza. Modemu yako ni kama askari wa getini aliyeonyeshwa picha moja tu. Anasubiri mlio ulionyooka. Ukija uliokatika, anasema huyu simjui, hapiti. Laini ni nzima, modemu ni nzima, wanakataana tu.”

“Sasa nifanye nini?”

“Iambie isisubiri mlio. Ipige namba hivyohivyo, kama kipofu.” Akachana kipande cha boksi la kibodi, akaandika herufi tatu na tarakimu moja: ATX3. “Kwenye faili la mipangilio, pale modemu inapoandaliwa, ongeza mstari wenye hii. Hifadhi kwa nywila ya mkuu. Basi.”

“Na huo mlio umeharibiwa na nini?”

Waya akainua mabega. “Hayo waulize watu wa simu. Mimi naishia kwenye tundu la ukutani.”

Aliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa anafua mapazia ambayo yalifuliwa wiki ileile. Mfasiri hakusimama. Akaandika zile herufi, akahifadhi, akatoa amri. Modemu ikakaa kimya kidogo, kisha, bila kuuliza habari za mlio, ikapiga namba. Paka wakaanza kugombana ndani ya bomba. Mfasiri akajikuta amesimama, mikono kichwani, akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani. Wakapatana. Taa zikawaka zote.

Sura iliondoka polepole, asilimia kwa asilimia, na muda wote huo mama mkwe alikuwa uani, mikono ndani ya povu, mbali na simu. Barua ya mteja ikarudi: imefika, asante, ya unyevunyevu na kugeuza mayai tuisubiri wiki ijayo.

Kwa kawaida hapo ndipo mtu hutengeneza chai akanyoosha miguu. Mfasiri alitengeneza chai. Lakini miguu haikutaka kunyooka. Alizunguka na kikombe kutoka dirisha hadi dirisha, akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama mkwe alipoingia akapita karibu na simu, akainua, akasikiliza, akairudisha.

“Bado ina kigugumizi,” alisema kwa unyonge. “Labda mtu akipiga haipati. Labda anapiga na haipati.”

Hakusema mtu gani. Ilikuwa mara ya kwanza kufika karibu hivyo.

Mfasiri akaweka kikombe chini, akapiga namba ya malalamiko ya kampuni ya simu. Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti ya mtu anayetafuna kitu.

“Mlio unakatika mwanzoni?” aliuliza dada yule. “Si ubovu huo. Una ujumbe.”

“Ujumbe gani?”

“Wa sauti. Wateja wote tuliwafungulia huduma. Mtu akikupigia akute laini inatumika, au iite isipokelewe, anaachia sauti yake huku kwetu. Mlio unakatika ili ujue. Hukupata tangazo letu?”

Pengine lilikuja, pengine mume wake alilifungia misumari. Dada akamtajia namba ya kupiga ili asikilize. Mfasiri akaipiga akiwa amekipa kisogo chumba. Mashine ikamwambia kwamba kuna ujumbe, na kwamba wa kwanza ni wa jana alasiri.

“Mama, ni mimi.” Sauti ya wifi ilikuwa karibu mno, kama yuko nyuma ya pazia. “Laini ina shughuli, huyu mwanamke wa mashine ananiambia niache maneno. Haya. Mama, nahamia hoteli nyingine, huko milimani, na hii simu ya huku sitaipata tena. Kesho asubuhi nitapiga kabla gari halijatuchukua. Kama bado una hasira, usipokee tu. Nitaelewa, sitasumbua.”

Jana alasiri. Wakati michoro ya mashine ya vifaranga ikipanda asilimia kwa asilimia.

Ujumbe wa pili ulianza kwa kelele za sufuria na mtu akiita kwa lugha ya kigeni. Kisha pumzi ndefu. “Imeita mpaka imechoka,” wifi alisema. “Haya, Mama. Nimeelewa. Ubaki salama.”

Ile taa. Ikawaka, ikatulia, ikawaka, ikatulia. Kumbe ilikuwa simu inaita ndani ya modemu, na simu yenyewe imelala kimya na waya wake sakafuni.

Mfasiri aliurudisha mkonga. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya na alilitambua kuwa ni baya: hakuna anayejua. Wazo hilo lilikaa kifuani kwa muda wa kumeza mate, kisha akageuka, na mama mkwe alikuwa anamtazama.

“Kuna nini? Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, Mama. Kaa kwanza.”

“Sikai.”

Hivyo akamwambia akiwa amesimama. Akamwambia kwamba binti yake alipiga jana, laini ikawa imeshikwa na kompyuta. Kwamba alipiga tena leo asubuhi kama alivyoahidi. “Na leo asubuhi simu haikulia kwa sababu niliuchomoa waya wake, Mama. Ulipotoka tu. Niliurudisha nilipokusikia langoni. Ulinituma nipokee, mimi nikachomoa.”

Mama mkwe aliigeukia simu. Alinyoosha mkono. Mfasiri akapiga tena ile namba, akampa mkonga, akasogea pembeni. Aliuona mgongo wa mama mkwe ukisikiliza. Ukasikiliza tena tangu mwanzo. Ukasikiliza mara nyingine.

Hatimaye mama mkwe akauweka mkonga chini kwa uangalifu, kama yai.

“Umenikosea,” alisema.

“Nimekukosea, Mama.”

“Umenikosea sana, na leo usiniombe radhi, maana nikijibu nitasema lisilofaa.” Akakaa, akasimama. “Lakini aliyembwagia simu ni mimi. Wewe umechomoa waya tu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba simu isipopokelewa ni hasira.” Akavuta kanga begani. “Sasa tunampataje?”

Namba ya zamani ya wifi walikuwa nayo, lakini laini yao ilikuwa imefungwa isipige nje ya nchi, na kuifungua kulitaka barua na sahihi ya mwenye laini, ambaye alikuwa anajenga daraja. Mfasiri akafikiri, kisha akauliza, “Ile hoteli yake ya kwanza inaitwaje?”

Mama mkwe aliitamka bila kusita. Alikuwa ameitaja kwa dharau mara nyingi mno kuweza kuisahau.

Wakaketi wote wawili mbele ya kompyuta, mama mkwe kwenye kigoda cha jikoni. Modemu ikapiga namba kama kipofu, na paka walipoanza mama mkwe akaziba masikio lakini hakuondoka. Ukurasa wa hoteli ulifunguka kwa mwendo wa konokono. Picha ilishuka mstari mmoja mmoja: kwanza anga, kisha paa, kisha madirisha.

“Ndipo alipo?” mama mkwe aliuliza.

“Ndipo alipokuwa.”

“Madirisha yote hayo. Nani anayafuta?” Akaisogelea skrini. “Jiko liko upande gani?”

Jiko halikuonekana. Chini kabisa, baada ya bwawa la kuogelea kujichora lote, ikatokea anwani ya barua pepe.

“Sema nitakachoandika,” mfasiri alisema. “Nitakigeuza kwa lugha yao.”

Mama mkwe akakohoa. “Waambie: mimi ni mama wa mpishi wenu aliyeondoka leo. Waambie wamfikishie kwamba mama yake hana hasira. Hapana. Waambie hasira anayo, ila simu angepokea. Simu angepokea hata akiwa na hasira. Umeandika?”

“Naandika.”

“Na kwamba waya ulichomolewa.”

“Na aliyeuchomoa?”

Mama mkwe akamtazama. “Hayo ni ya nyumbani. Wageni hayawahusu.”

Lakini mfasiri aliandika kwamba aliyeuchomoa ni mke wa kaka yake. Akaongeza namba ya simu, akaomba tafadhali mara mbili, akatuma. Kisha akakata mawasiliano haraka ili laini ibaki wazi.

Hapo ndipo nyumba ilipokosa amani kabisa. Wifi asingeweza kupiga simu wakati wao wanaangalia barua, na wao wasingeweza kuangalia barua huku wakimsubiri apige. “Unganisha tuone kama wamejibu,” mama mkwe angesema. Paka hata hawajamaliza kugombana, angesema tena, “Kata, kata, atakuta shughuli!” Wakaunganisha wakakata, wakaunganisha wakakata, mpaka mfasiri alihisi vidole vinaandika amri vyenyewe. Mlio sasa ulikuwa umenyooka, kwa kuwa ujumbe ulishasikilizwa, na mama mkwe akauchukia kwa kunyooka kwake. “Ukiwa na kigugumizi angalau ulikuwa na la kusema,” alinung’unika.

Kesho yake, asubuhi, lilikuja jibu. Mtu wa mapokezi aliandika kwamba mpishi ameshaondoka, ila mwenzake wa jikoni anamfahamu dereva wa gari lile, na kwamba ujumbe umepelekwa kwa mdomo. Hakuahidi zaidi.

“Kwa mdomo,” mama mkwe alirudia. “Kwa dereva.” Akaenda kupanga upya vyombo vya jikoni. Kila mlango wa kabati uliofungwa huko ulimgonga mfasiri kichwani. Yeye alikuwa amefungua sura ya kugeuza mayai, na kwa muda mrefu alitazama sentensi moja bila kuisoma.

Mteja alipiga mchana kuuliza jambo dogo kuhusu neno la kipimajoto. Mama mkwe ndiye aliyepokea. “Andika barua!” alimwambia, akakata. Mfasiri alitaka kulalamika, akaacha.

Alasiri simu ikalia tena.

Walitazamana. Mama mkwe alikuwa karibu kuliko yeye, mkono ukiwa tayari hewani, lakini haukushuka. Simu ikalia tena.

“Mama, pokea!”

“Akiwa ni yule wa kipimajoto je?”

“Pokea!”

Akainua. “Haloo,” alisema kwa sauti ya kugombana. Kisha akashika ukingo wa meza. “Sasa unalia nini? Unalipia dakika ulie?” Akasikiliza. “Ni waya. Ulichomoka. Ndiyo, nilikuwa kliniki. Miguu. Hapana, si vibaya hivyo. Wewe nani kakwambia kwamba sitapokea? Mimi? Nilisema lini?” Akasikiliza tena. “Basi nilisema. Nilikosea. Umesikia? Sirudii.”

Mfasiri alitaka kutoka chumbani, akashindwa, akabaki mlangoni ameshika fremu. Mama mkwe na binti yake walikuwa tayari wameanza kubishana kuhusu baridi ya milimani na masweta, kuhusu ualimu, kuhusu kwa nini mtu mwenye cheti amenye viazi vya watu. Hakuna aliyekubali kushindwa. Mara mama mkwe akanyoosha mkonga upande wake. “Anakutaka.”

“Wifi,” sauti ilisema, yenye mafua ya kilio. “Ni wewe uliyechomoa?”

“Ni mimi.”

“Dereva aliponiambia nilipiga hotelini, wakanisomea barua. Nilidhani wamekosea kutafsiri.”

“Hawakukosea. Niliitafsiri mwenyewe.”

“Nililia garini njia nzima,” wifi alisema. “Hilo tutaliongea uso kwa uso. Sitalisahau kirahisi.”

“Usilisahau. Unakuja lini?”

“Sijasema nakuja. Nimesema tutaongea. Mrudishie mama.”

Mfasiri akampa mama mkwe mkonga akarudi kwenye kompyuta. Sentensi ile ya mayai sasa ilisomeka, na aliona kwamba alikuwa ameandika kinyume: alisema yai ligeuzwe likiwa la baridi. Akaanza kuifuta. Sebuleni, mama mkwe alikuwa anauliza chumvi kiasi gani inatiwa kwenye sufuria ya watu mia mbili, na alipojibiwa akasema kwa mshangao mkubwa kwamba hiyo ni ndogo mno, nani kamfundisha, hebu aanze kueleza tangu mwanzo.